Pepo za Omo na Pepo za Tezi: Kuzisoma Tarakimu za Upepo katika Safari ya Ndege ya Mwigo

Mwanafunzi wa urubani siku hizi aghalabu huanza masomo yake katika mtambo wa mwigo, yaani chombo kisichoondoka ardhini lakini chenye usukani, saa za kupimia na mandhari kama ya ndege ya kweli. Mitambo ya namna hii si mipya. Edwin Link wa Binghamton, Marekani, aliunda wa kwake mwaka 1929. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, na ilikuwa mivukuto ya vinanda iliyokitikisa na kukiinamisha chombo hicho. Leo mwigo huo unapatikana hata katika kompyuta ya nyumbani. Hata hivyo, safari ya mwigo hupangwa kama ipangwavyo safari ya kweli, na katika karatasi ya mpango zimo tarakimu chache za upepo ambazo huwapotosha wanaoanza. Makala haya yanakusudia kuzieleza tarakimu hizo, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugumu wake ni ya lugha wala si ya hesabu.

Safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa yafaa kuwa mfano. Njia ya moja kwa moja baina ya uwanja wa Jomo Kenyatta na uwanja wa Moi inaelekea kusini-mashariki, karibu na digrii 135 zikihesabiwa kutoka kaskazini halisi, na urefu wake ni kama maili 228 za baharini. Ichukuliwe kwamba ndege ni ndogo, na kwamba kasi yake hewani ni maili 120 za baharini kwa saa. Pasipo upepo wowote safari hiyo ingechukua dakika 114.

Sasa mpango unasema kwamba upepo ni 135, kasi 30. Mwanafunzi huona njia 135 na upepo 135, akadhani kwamba viwili hivyo vinakwenda pamoja na kwamba ndege itasukumwa mbele. Kweli ni kinyume chake. Tarakimu ya njia hutaja kule chombo kiendako, lakini tarakimu ya upepo hutaja kule utokako upepo. Tarakimu zikiwa sawa, basi upepo na ndege vinakabiliana uso kwa uso. Jambo hili halipaswi kumshangaza msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa majina ya pepo katika lugha yake yamejengwa kwa kanuni hiyo hiyo: kaskazi hutoka kaskazini, kusi hutoka kusini, na matlai, neno lenye asili ya Kiarabu lihusulo mawio ya jua, hutoka mashariki. Mkondo wa bahari ndio utajwao kwa kule uendako. Jambo la kuchanganya zaidi ni kwamba katika vioo vya mitambo mingi mshale wa upepo huchorwa ukielekea kule upepo uendako, na pembeni mwake huandikwa tarakimu ya kule utokako. Mshale na tarakimu husema jambo moja kwa njia mbili zinazopingana.

Upepo na njia vikikabiliana namna hiyo, hesabu yake ni nyepesi. Kasi ya ndege juu ya ardhi hushuka kutoka 120 hadi 90, na safari hufika dakika 152. Wakati wa kurudi upepo ule ule huwa nyuma, kasi hupanda hadi 150, na safari hupungua hadi dakika 91. Wengi hutazamia kwamba hasara ya kwenda italipwa na faida ya kurudi. Hailipwi. Jumla ya safari mbili pasipo upepo ni dakika 228. Palipo na upepo ni dakika 243. Sababu ni kwamba upepo unaozuia huizuia ndege kwa muda mrefu, na upepo unaosaidia huisaidia kwa muda mfupi. Robo saa hiyo ni mafuta, na aliyepanga mafuta kwa kujumlisha 30 na kutoa 30 amejinyima akiba yake. Katika mwigo kosa hili halimdhuru mtu, bali mazoea anayoyapata mwanafunzi humo ndiyo atakayoyachukua angani.

Ni nadra upepo kuvuma kwa kufuata mstari wa njia barabara. Ukivuma kutoka 165, umepinda kwa digrii 30 kutoka kwenye njia, na sehemu yake iliyo sambamba na njia si 30 tena bali ni 26. Ukipinda digrii 45, sehemu hiyo ni 21. Nusu, yaani 15, haipatikani mpaka digrii 60, ingawa akili humwambia mtu kwamba nusu ya pembe ingetoa nusu ya upepo. Tarakimu hii ya sehemu ndiyo iandikwayo katika mpango, na katika karatasi nyingi hutanguliwa na herufi M ikiwa upepo unazuia, na P ikiwa unasaidia. M026, basi, si kasi ya upepo. Ni kipimo cha uhusiano baina ya upepo na njia, na kwa kawaida ni wastani wa safari nzima, ambao huficha tofauti za upepo katika kimo mbalimbali.

Uhusiano huo huonekana vizuri zaidi kaskazi ikivuma kutoka 045. Kwa mwenye kwenda Mombasa upepo huu unampiga ubavuni hasa, pembe mraba, na mpango utaandika sifuri. Sifuri hiyo haina maana kwamba hewa imetulia. Ikiwa kasi ya upepo ni 30, rubani hana budi kuielekeza pua ya ndege upande wa kushoto kwa zaidi ya digrii 14 ili asisukumwe nje ya njia, na kwa kuwa sehemu ya nguvu yake inatumika kupigana na upepo, kasi yake juu ya ardhi ni 116 badala ya 120. Waingereza huuita mwendo huu kwa jina la kaa, mnyama aendaye upande.

Ndege hiyo ikifika Mombasa hukuta njia ya kutulia iitwayo 03 kwa upande mmoja na 21 kwa upande wa pili, tarakimu ambazo ni digrii za dira zilizogawanywa kwa kumi. Ikitua kwa kuelekea 03, kaskazi ile ile ambayo safari nzima ilikuwa ya ubavuni sasa inakuja kutoka mbele. Ikiwa chini kasi yake ni 20 tu, zaidi ya 19 kati ya hizo ziko usoni mwa ndege na 5 ziko ubavuni. Tena upepo wa mbele, uliochukiwa njiani, hapa unatakiwa sana, maana huiwezesha ndege kugusa ardhi kwa mwendo mdogo. Kwa hiyo katika majedwali mengi ya kurukia na kutulia alama hugeuka: upepo wa mbele huwa jumlisha, na wa nyuma huwa toa. Mwenye kutegemea alama pasipo maneno atapotea baina ya karatasi mbili.

Hapo ndipo suala la istilahi linapoingia. Tafsiri zijazo upesi mdomoni ni “upepo wa mbele” na “upepo wa nyuma”, na zina dosari. A-unganifu haielezi kama kitu kinatoka au kinakwenda. Samaki wa Mombasa ametoka Mombasa, lakini basi la Mombasa likiwa stendi ya Nairobi linakwenda huko. Kasi ya mbele ni ya kwenda mbele. Basi mwanafunzi atakosaje kudhani kwamba upepo wa mbele humpeleka mbele? “Upepo mzuri” na “upepo mbaya” hayafai kabisa, kwa sababu zilizokwisha onekana pale Mombasa.

Mabaharia wa pwani walikuwa na seti mbili za maneno. Moja iliutaja upepo kwa asili yake: kaskazi, kusi, matlai, umande. Ya pili iliutaja kwa kuuhusisha na chombo, nayo imo katika kamusi za zamani: pepo za omo ni zile zinazokikabili chombo kwa mbele, na matanga kati ni upepo wa ubavuni. Omo ni sehemu ya chombo, si uelekeo, na kwa hiyo upepo wa omo hauwezi kudhaniwa kwamba unakwenda omo. Kwa kuwa tezi ni mwenzake wa omo, kama kila mwalimu wa methali ajuavyo, “pepo za tezi” laweza kukamilisha jozi pasipo kuzua neno geni.

Pingamizi litakuwa kwamba ndege si jahazi. Lakini neno rubani lenyewe lilikuwa la mwongoza meli kabla ya kupaa, na usukani na shehena vilipaa pamoja nalo. Pingamizi lina nguvu zaidi kwa matanga kati, kwa kuwa ndege haina tanga; na demani, ambalo ni upande uliokingwa na upepo, lina kasoro ya kuwa pia jina la msimu. Kwa upepo wa pembeni, basi, “upepo wa ubavuni” latosha, mradi mpango utaje ubavu gani, wa kulia au wa kushoto, jambo ambalo sifuri ya karatasi hailisemi.