Je, pikapu ya nusu tani yaweza kuvuta trela kwa usalama?

Na MWANDISHI WETU

MKAZI wa Loresho anayetaka kwenda Naivasha na jamaa yake, huku pikapu yake ikivuta trela la kulala, la mashua au la farasi, huingia Waiyaki Way kwa dakika chache tu. Kuanzia hapo barabara hupanda. Hupita Kangemi, Uthiru na Kikuyu hadi Rironi karibu na Limuru, kisha hulazimika kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Ni katika safari ya namna hii ambapo uwezo halisi wa gari hujulikana.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni iwapo pikapu ya nusu tani inaweza kuifanya kazi hiyo bila kuhatarisha maisha. Jibu fupi ni kwamba inaweza, ikiwa trela ni jepesi, lina breki zake lenyewe na limepakiwa kwa mpango. Masharti hayo yasipotimizwa, gari laweza kuvuta vizuri hadi Rironi kisha likashindwa kusimama kwenye mteremko.

Kwanza, jina lenyewe hupotosha. Nchini Marekani, nusu tani ni jina la zamani la magari makubwa kama Ford F-150. Zamani magari hayo yalikadiriwa kubeba takriban kilo 450, lakini ya leo hubeba zaidi ya hapo, na baadhi huvuta zaidi ya tani tatu. Nchini Kenya hali ni tofauti. Magari yenye usukani wa kushoto hayaruhusiwi kusajiliwa ila kwa kazi maalumu, na anayesema nusu tani huwa na maana ya pikapu ndogo ya milango miwili inayobeba kilo 500 hivi. Pikapu kubwa kama Toyota Hilux na Isuzu D-Max hukaribia tani moja. Hivyo basi, ushauri uliotolewa kwa dereva wa Marekani haumfai mwenye pikapu ndogo ya Nairobi.

Pili, ni lazima kujua uzito wa vitu vinne: gari likiwa tupu, mzigo linaoruhusiwa kubeba, trela likiwa limejaa, na jumla ya gari na trela pamoja. Viwango vinavyoruhusiwa huandikwa katika kitabu cha maelezo cha gari au kwenye kibati kilichopigiliwa na mtengenezaji.

Tuchukue mfano wa pikapu yenye kilo 1,000 ikiwa tupu na inayoruhusiwa kubeba kilo 500, ikivuta trela la kilo 1,000. Trela lililopakiwa vizuri hukandamiza sehemu ya uzito wake, tuseme asilimia 10, kwenye chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya gari. Hizo ni kilo 100, nazo huhesabiwa kama mzigo wa gari. Dereva na abiria mmoja huongeza kilo 150. Zinazosalia ni kilo 250 pekee. Mitungi kumi ya maji ya lita 20 humaliza kilo 200 kati ya hizo kabla hema, mtungi wa gesi na chakula havijapakiwa.

Gari likijaa hivyo, jumla ya gari na trela ni kilo 2,400. Ikiwa trela halina breki, basi breki zilizoundwa kusimamisha kilo 1,500 zinatakiwa kusimamisha kilo 2,400. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Mteremko huizidisha hatari hiyo. Kila gari na trela la uzito huo linaposhuka mita 100 kwa mwendo usiobadilika, nguvu inayopaswa kuzuiwa yatosha kuchemsha takriban lita saba za maji baridi. Joto hilo lote huenda kwenye breki, isipokuwa kile kinachozuiwa na injini, hewa na msuguano wa magurudumu. Breki zikipata moto kupita kiasi hulegea; dereva hukanyaga bila gari kupunguza mwendo. Barabara ya Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ina mteremko mrefu na kona kali. Haimpi nafasi dereva aliyechelewa kutambua kosa.

Kwa sababu hiyo, sheria za Uingereza haziruhusu trela lisilo na breki kuzidi kilo 750 au nusu ya uzito wa gari linalolivuta, kiwango kile kilicho kidogo. Kwa pikapu yetu ya kilo 1,000, kikomo kingekuwa kilo 500. Hata trela likiwa na breki, vyama vya wenye matrela ya kulala nchini humo huwashauri madereva wasio na uzoefu wasivute zaidi ya asilimia 85 ya uzito wa gari. Trela la mfano wetu limevuka mipaka yote miwili.

Tatu, kuna suala la mwinuko. Injini isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Limuru iko kwenye mita 2,200 hivi. Pikapu iliyokuwa na nguvu za farasi 100 Mombasa hufika huko na takriban 80. Dereva anapaswa kupanda kwa gia ya chini, akitazama kipimo cha joto, na kuteremka kwa gia ya chini vilevile ili injini isaidie kuzuia mwendo.

Nne, mpango wa mizigo. Vitu vizito viwekwe chini, karibu na ekseli, vikielekea mbele kidogo. Trela lililolemewa nyuma huanza kuyumba kushoto na kulia, na gari hufuata. Uzito unaokandamiza chuma cha kuvutia unaweza kupimwa kwa mizani ya sokoni ya kupimia magunia ya viazi. Trela likianza kuyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta polepole na kushika usukani imara. Asikanyage breki kwa ghafla wala kujaribu kuongeza kasi ili kulinyoosha.

Matrela mengi ya mjini huundwa na mafundi wa jua kali. Kazi yao yaweza kuwa imara, lakini mnunuzi aulize mambo matatu: breki ziko wapi, ekseli imewekwa wapi, na chuma cha kuvutia kimefungwa kwenye fremu ya gari au kwenye bampa tu. Bampa haikuundwa kuvuta. Mnyororo wa usalama, taa za nyuma na indiketa zinazofanya kazi si mapambo. Trela pia husajiliwa na kupewa nambari yake, na ni busara kuiarifu kampuni ya bima kabla ya safari.

Kwa jumla, pikapu ndogo inafaa kwa trela jepesi la mizigo au mashua ndogo. Anayetaka kuvuta nyumba ya kulala ya tani moja au zaidi atafute gari kubwa lililoidhinishwa kwa kazi hiyo, na trela lenye breki. Na kabla ya kuteremka kuelekea Mai Mahiu, asimame mahali salama, aguse vyuma vya magurudumu kwa uangalifu kujua joto lake, akague viungo, ndipo aendelee.