Maulidi na Kalenda Mbili za Kasongo

Orodha ya sikukuu za serikali ya Kongo iliyotangazwa mwaka 2014 ilikuwa na siku tisa, zikiwamo tarehe 4 Januari, siku ya mashahidi wa uhuru, na tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi. Maulidi haikuwamo. Hata hivyo, katika nchi ya Wamaza, yaani Kasongo na Kabambare, Waislamu huhesabu pia mwaka wa mwezi mwandamo. Kalenda hiyo ililetwa na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, Kasongo ilipokuwa ngome ya Tippu Tip. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Mfalme Leopold II yaliuteka mji. Utawala ulibadilika, hesabu ya mwezi ikabaki.

Mwaka huo una siku 354 au 355. Kwa hiyo Maulidi, tarehe 12 Mfungo Sita, hutangulia kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka: mwaka 2024 iliangukia katikati ya Septemba, mwaka 2025 mwanzoni mwa mwezi huohuo. Mtafiti anayetegemea orodha ya serikali pekee ataiandika sikukuu ya watu kuwa siku ya kazi tu.