Muscat Mchana Kweupe

Miezi minane ya zamu za usiku nilikuwa sijaiona Muscat mchana. Juzi nikapata mapumziko.

Nilianza na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wasio Waislamu huruhusiwa asubuhi tu, isipokuwa Ijumaa. Dada, usisahau mtandio. Zulia lake lililofumwa kwa mkono lina takriban mita 70 kwa 60.

Jioni nikashuka Mutrah, maana soko hupumzika mchana. Ubani, viungo, halwa! Nilikuwa nikipatana bei kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, bibi mmoja akacheka: "Mwanangu, sema Kiswahili tu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Tanga."

Kumbe kazaliwa Unguja. Familia yake ilihamia Oman baada ya 1970, kama nyingine nyingi. Alinikaribisha kahawa na halwa, akaniuliza hali ya mama. Tangu nifike, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo ana kwa ana.

Nilimalizia kwa mishkaki kando ya bahari. Hata huku jina ni hilo hilo. Barua ya kuacha kazi niliyoiandika wiki iliyopita bado imo kwenye simu. Sijaituma.