Mnyama wa Kazi Anapovuka Bahari

Mwaka 1928 kijana mmoja wa Marekani asiyeona, Morris Frank, alipanda meli kwenda Ulaya. Njiani alitendewa kama mzigo: alikabidhiwa kwa wahudumu, akafungiwa chumbani, na kutolewa nje kwa saa walizopenda wao. Mwezi Juni mwaka huo huo alirejea kwao, pia kwa meli, akiwa na Buddy, mbwa aliyefunzwa nchini Uswisi kazi ya kuwaongoza wasioona. Safari hii alitembea sitahani kama abiria mwingine yeyote. Bahari ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa mbwa.

Siku hizi meli nyingi kubwa za watalii huwapokea mbwa wa namna hiyo. Mbwa hulala chumbani mwa bwana wake, na mahali fulani sitahani huwekwa sanduku lenye nyasi au vipande vya mbao ajisaidie humo. Shida iko bandarini. Kila nchi ina sheria yake, na mbwa asiye na hati kamili hubaki melini hata kama bwana wake anaruhusiwa kushuka.

Msomaji atauliza: kwa nini ukali huu kwa mnyama mpole, aliyefunzwa vema? Jibu ni kichaa cha mbwa. Kirusi chake huweza kukaa mwilini kwa majuma au miezi bila dalili yoyote, na dalili zikisha kuonekana, tiba karibu haipo. Kwa hiyo mbwa atokaye Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya hutakiwa kwanza kuwekewa chini ya ngozi chembe ya utambulisho yenye namba, kisha achanjwe. Zikipita angalau siku 30, damu yake hupimwa ili kuhakikisha kwamba mwili umejenga kingamwili za kutosha. Baada ya hapo hungoja miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Yaani safari ya mbwa huanza miezi 4 kabla ya safari ya bwana wake.

Lakini afya ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni ujuzi: je, mnyama aliyefunzwa hapa ataifanya kazi yake vilevile huko aendako? Kwa swali hili hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Uko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru.

Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO lenye asili ya Ubelgiji hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya huyo ana uzito wa kilo 1 hivi, kwa hiyo hupita juu ya bomu bila kulilipua. Hufundishwa tangu udogoni: akitambua harufu ya baruti husikia mlio mfupi wa kidude maalumu, kisha hupewa chakula, kwa mfano ndizi. Polepole huelewa kwamba baruti ni chakula. Mafunzo huchukua yapata miezi 9, na humalizikia katika uwanja wenye mabomu halisi yaliyokwisha kuzimwa.

Baada ya hapo panya husafirishwa hadi nchi zenye mabomu, kama vile Angola na Kambodia. Huko hapelekwi shambani mara moja. Udongo ni mwingine, unyevu ni mwingine, majani yana harufu ngeni, hata sauti ya mtunzaji imebadilika. Wataalamu wa tabia za wanyama wanafahamu kwamba jambo lililofunzwa mahali pamoja halihamii lenyewe mahali pengine. Hivyo panya huzoezwa upya, kisha hutahiniwa katika eneo lenye mabomu yaliyofukiwa na kuandikwa mahali yalipo. Akiruka hata bomu moja, hajafaulu. Ukali huo una sababu: bomu lililorukwa litapatikana baadaye kwa mguu wa mkulima au wa mtoto wake.

Panya mmoja aliyefaulu aliitwa Magawa. Alizaliwa Tanzania mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka 2016. Kwa kuwa jamii yake ni ya usiku, alifanya kazi alfajiri, na masikio yake yalipakwa dawa ya kuzuia jua. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu 71 ya ardhini na silaha nyingine 38 zisizolipuka. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza lilimtunukia nishani ya dhahabu, naye akawa panya wa kwanza kuipata. Alifariki Januari 2022. Ronin, panya mwingine aliyezaliwa Tanzania, alifikisha mabomu 109 mwanzoni mwa mwaka 2025.

Wengine wamejaribiwa karibu zaidi na nyumbani. Katika bandari ya Dar es Salaam, panya waliovaa vizibao vidogo wamepimwa uwezo wa kunusa magamba ya kakakuona na nyara nyingine zinazofichwa ndani ya shehena. Kizibao kina kitufe kifuani. Panya akikivuta, mlio husikika.

Tunajifunza nini? Hati ya chanjo humlinda mwenyeji dhidi ya mgeni. Mtihani mpya humlinda anayemtegemea mnyama. Mbwa wa asiyeona naye anahitaji vyote viwili, kwani ngazi za meli na kelele za bandari ni ulimwengu mgeni kwake. Nasi tukimkuta kazini tusimpapase wala kumwita, maana wakati huo yeye ni macho ya mtu.