Umoja wa Marere na Umoja wa Fuko

Kila tunapowahubiria wanafunzi umoja, sisi walimu hukimbilia methali: kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haisemi ni umoja wa namna gani. Nawaalika wasomaji tutazame viumbe wawili wa humu nchini ambao maisha yao yote ni ushirikiano.

Wa kwanza ni marere, likeni iotayo juu ya miti ya pwani. Mwanafunzi aliyetumia karatasi ya litmasi katika maabara amefaidika na ukoo huo, kwani rangi ile asili yake ni likeni za jamii ya marere. Likeni si mmea mmoja, bali ni kuvu na mwani wakaao pamoja. Kuvu hujenga nyumba na kuhifadhi maji. Mwani, kwa nguvu za jua, hutengeneza sukari. Hawana nasaba moja, ila kila mmoja huleta kile ambacho mwenzake hana.

Wa pili ni fuko asiye na manyoya, mkazi wa nyanda kavu za kaskazini na mashariki. Ana uzani wa gramu 35 hivi, lakini aweza kuishi zaidi ya miaka 30. Kundi lake aghalabu huwa na fuko 70 au 80, wote wa ukoo mmoja. Mwaka 1981, mtaalamu Jennifer Jarvis alieleza kwamba malkia mmoja tu ndiye azaaye. Wengine huchimba, hulea na hulinda. Watafiti walieleza mwaka 2021 kwamba kila kundi lina lafudhi yake, na mgeni hushambuliwa. Malkia akifa, majike huweza kuuana wakigombea nafasi yake.

Kwa maoni yangu, darasa, na hata taifa, lina heri kufuata mfano wa marere. Walakini tusiyatukuze kupita kiasi. Simon Schwendener, Mswisi aliyetangaza siri ya likeni mwaka 1867, alimfananisha kuvu na bwana, na mwani na mtumwa, maana kuvu huishi kwa sukari ya mwani.

Basi mwalimu agawapo wanafunzi katika makundi, asiridhike kuwaona wameketi pamoja. Na aulize: ni nani atengenezaye sukari, na ni nani ailaye? Kundi ambalo mmoja hufanya kazi na watano hugawana alama halijafundishwa umoja bado.