Wakenya Gani Hao Waliokasirika?

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia: "Kila mara nasoma kwamba Wakenya wamewaka mtandaoni kwa jambo fulani. Nauliza nyumbani, nauliza kazini, nauliza kwenye baraza ya kahawa. Hakuna hata mmoja aliyelisikia. Hao Wakenya wanakaa wapi?"

Nitamjibu, ila kuna mambo nitayaruka. Lile jaribio la Tversky na Kahneman la mwaka 1981, la watu 600 na ugonjwa wa kubuni, limo katika kila kitabu cha saikolojia. Ukisema watu 200 wataokolewa, wengi wanaukubali mpango wa kuukabili ugonjwa. Ukisema 400 watakufa, wengi wanaukataa, na hesabu ni ile ile. Basi, maneno hupinda maamuzi. Kinachonikosesha mimi usingizi ni namna watu wachache wa mwanzo wanavyozaa umati.

Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo ningelipa nauli kwenda kulitazama. Walifungua tovuti yenye nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Watu 14,341, wengi wao vijana, waliingia, wakasikiliza, wakatoa alama, na aliyependa wimbo akaupakua. Wasichojua ni kwamba hawakuingia mahali pamoja. Kundi moja liliona majina ya nyimbo na bendi tu. Wengine walitawanywa bila mpangilio katika dunia nane, na kila dunia iliwaonyesha ni mara ngapi wimbo umepakuliwa na waliotangulia humo humo. Zote nane zilianza na sifuri.

Historia kwa kawaida hutokea mara moja, nasi tunabaki kubishana kama ingeweza kwenda vingine. Hawa waliiendesha mara nane kwa pamoja, kwa nyimbo zile zile na watu wa aina ile ile. Kama umaarufu ungekuwa ni ubora mtupu, chati zote nane zingefanana. Wapi! Wimbo "Lockdown" wa bendi ya 52metro, ambao kundi lisiloona idadi liliuweka wa 26, ulikuwa wa kwanza katika dunia moja na wa 40 katika nyingine. Nyimbo bora kabisa ni nadra zilianguka, na mbovu kabisa ni nadra zilipanda. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, zingeweza kuishia popote. Na watafiti walipozipanga nyimbo kwa safu, inayopendwa juu, tofauti kati ya za juu na za chini ilipanuka, na mshindi akazidi kuwa mgumu kutabirika.

Aliyewahi kungoja matatu steji anaijua fizikia hii. Magari mawili, njia moja, nauli moja. Moja ni tupu, jingine lina watu watano. Utapanda lenye watano, kwa sababu litajaa mapema, na kwa kupanda kwako wamekuwa sita, hivyo anayekufuata hana hata haja ya kufikiri. Watano wale hawakuletwa na uzuri wa gari. Pengine walishuka pamoja kwenye feri. Makanga wanalijua hili kutuzidi, ndiyo maana kuna abiria wa kukodiwa: vijana wanaolipwa kidogo wakae ndani, begi magotini, wakitazama dirishani kama watu wenye safari. Gari likikaribia kujaa wanateremka mmoja mmoja, huyu ananunua maji, yule anamngoja nduguye, na viti vyao tunakalia mimi na wewe. Nauhusudu ufundi huo. Abiria yule hakukwambia kwamba gari ni zuri. Hakufungua kinywa. Alikaa tu, na hesabu tukaimalizia wenyewe. Kisha matatu ikaondoka imejaa watu wa kweli waliolipa nauli ya kweli, na polisi akiisimamisha Buxton hatapata hata abiria bandia mmoja.

Mmoja tu hutosha kuanzisha. Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sean Taylor na Sinan Aral walieleza jinsi walivyoingia katika tovuti ya habari ambamo wasomaji hupigia kura maoni ya wenzao. Maoni mengine waliyapa kura moja ya kuunga mkono, kwa bahati nasibu, mara tu yalipotokea. Aliyefuata kuyasoma alielekea zaidi kuyaunga mkono, kwa asilimia 32, na mwishowe alama za maoni hayo zilizidi za mengine kwa asilimia 25. Kura moja ya bandia ya kupinga haikufua dafu, wasomaji waliisahihisha.

Wanasosholojia wana jina la mwendo huu, na Kiswahili chake kimenitesa. "Faida limbikizi" inanuka mkutano mkuu wa SACCO. "Athari ya Mathayo", kwa kumfuata Robert Merton aliyeichota katika Injili mwaka 1968, inaiacha nje nusu ya mtaa wangu. Nimeamua kusema "mlimbiko", na mhariri akikataa atafute lake.

Sasa turudi Kenya. Mwaka 2021, kesi ya BBI, ule mpango wa kubadili katiba, ikiwa mahakamani, Odanga Madung na Brian Obilo walichunguza Twitter kwa ajili ya Wakfu wa Mozilla. Walikuta kampeni 11 zilizopangwa, zenye jumbe zaidi ya 23,000 kutoka akaunti 3,700 hivi, na miongoni mwa walioshambuliwa walikuwa majaji na wanaharakati walioupinga mpango huo. Washiriki walipewa hashtegi na maelekezo kwenye makundi ya WhatsApp, na malipo yalikuwa dola 10 hadi 15 hivi. Muda ndio roho ya kazi hii. Orodha ya mada zinazovuma hupima zaidi kasi ya ghafla kuliko jumla, kwa hiyo watu mia chache wakiandika kwa pamoja ndani ya nusu saa wanaweza kuwapiku maelfu wanaolizungumzia jambo polepole wiki nzima.

Hapo ndipo chumba cha habari kinapoingia. Mhariri aliyechoka anaona hashtegi iko namba moja. Angeweza kuandika "Akaunti elfu chache zamshambulia jaji", ila nani angebofya? Anaandika "Wakenya wamshukia jaji". Hakuna tarakimu iliyotiwa chumvi. Kilichobadilika ni kiima cha sentensi, na kiima hicho kina watu zaidi ya milioni 50, msomaji wangu wa Kisauni akiwamo. Asiyekubaliana na hashtegi hiyo akisoma anajiona yuko peke yake, ananyamaza, na kunyamaza kwake kunawafanya wengine wajione wapweke zaidi. Elisabeth Noelle-Neumann alilieleza hilo Ujerumani Magharibi mwaka 1974, kabla ya simu za mkononi.

Matendo nayo hufuata. Siku ya uchaguzi wa bunge la Marekani, Novemba 2010, Facebook iliwaonyesha watu wapatao milioni 60 ujumbe wa kuwahimiza kupiga kura, pamoja na sura za marafiki waliosema wamepiga. Watafiti walikadiria kwamba ujumbe ule ulileta kura 340,000 za ziada, nyingi kwa njia ya marafiki wa karibu. Kundi lililoonyeshwa ujumbe bila sura halikupiga kura kuwashinda wasioona kitu.

Kupakua wimbo si kupiga kura, wala Marekani si Kenya, sawa, tusonge.

Salganik na Watts walirudi mwaka 2008 na ujanja mpya, safari hii kwa watu 12,207. Waliigeuza chati juu chini, wimbo wa 48 ukawa wa kwanza, kisha wakaacha wageni waendelee bila kuambiwa. Nyimbo nyingi zilizopewa sifa ya uongo zikaipata kweli. Zile bora kabisa zilipanda tena kwa muda mrefu, polepole. Ila kuna tokeo moja ambalo ningependa wanunuzi wa hashtegi walisome: katika dunia zile za chati iliyogeuzwa, watu walipakua nyimbo chache zaidi kwa jumla.