Ngozi, mwani na udongo: malighafi ya mfupa wa maabara

MKAZI wa Chang'ombe, Dodoma, hahitaji kufundishwa ute ni nini. Mlenda anaoulia ugali wa mtama ni mfano tosha: maji mengi yaliyoshikwa na nyuzi chache za mmea, yakavutika bila kutawanyika. Wanasayansi wana ute wao, haidrojeli, na wanautumia kujaribu kujenga mfupa hai.

Mashine yenye sindano hubinya ute uliochanganywa na seli hai, mstari juu ya mstari, mpaka umbo litimie. Seli hizo ni seli shina, yaani changa, zinazoweza bado kugeuka kuwa mfupa au gegedu. Nyingine hutoka kwenye uboho. Uboho si habari ngeni mjini hapa, kwani mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kuupandikiza kwa watoto wenye selimundu, ingawa huko zinazotafutwa ni seli za kutengeneza damu.

Tatizo lilikuwa ute wenyewe. Ukiwa mwepesi, umbo huporomoka kama tofali bichi lililonyeshewa. Ukiwa mzito, seli hufa kwa kubanwa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, walieleza mchanganyiko wa vitu vitatu. Kuna gelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya mifugo. Kuna karagini aina ya kappa, inayotoka kwenye mwani. Halafu kuna chembe bapa za udongo uliotengenezwa kiwandani, unene wake nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Udongo huo huufanya ute utiririke ukibinywa na kutulia ukiachwa, kama sosi ya nyanya. Mwaka 2020 waliripoti kwamba seli shina za binadamu zilizochapwa humo zilianza kujenga tishu ya mfupa bila kuongezewa vichocheo.

Mfanyabiashara atauliza, soko liko wapi? Tusidanganyane, maabara hununua gramu, si tani. Na anayekuuzia mtaani chupa ya "seli shina" hauzi utafiti huu, ambao ni wa maabara.

Zanzibar, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, wanalijua tatizo jingine. Aina ya kottonii ndiyo yenye kappa na bei nzuri, lakini hufa bahari ikipata joto. Wakulima, wengi wao akina mama, wamebaki na spinosamu ya bei ndogo.

Sisi wa bara tuna ngozi. Gelatini hiyo hiyo hutengeneza maganda ya vidonge na peremende laini, soko kubwa kuliko la maabara yoyote. Lakini ngozi ikiachwa juani hadi ianze kuoza, gelatini yake hudhoofika. Mchinjaji anayetaka kuuza aisafishe nyama na mafuta, kisha aitie chumvi siku hiyo hiyo, kabla haijaanza kunuka.